Shajara ya mradi: duka la vifaa vya ujenzi linahama kutoka daftari kwenda kwenye simu

Duka liko pembezoni mwa mji wa Morogoro: chumba kimoja mbele, stoo nyuma, wauzaji wawili na mwenye duka anayeingia na kutoka. Linauza saruji, nondo, bati, misumari, rangi, mabomba na nyaya za umeme. Hesabu zote zilikuwa kwenye daftari la kaunta, na daftari lenyewe halikuwa baya. Kila jioni fedha zilifungwa na zilitimia. Shida ni kwamba lilijibu swali moja tu, la fedha iliyoingia leo. Ukiliuliza waya wa umeme wa 2.5 (unene wa milimita za mraba 2.5) umebaki mita ngapi, fundi yupi anadaiwa zaidi ya mwezi, au ni bidhaa gani imekaa rafuni tangu mwaka jana, linanyamaza.

Mradi ni wa kuyapata majibu hayo kwa simu janja moja na jedwali la Google Sheets, ambalo ni la bure. Programu za duka za kulipia zipo na nyingine ni nzuri. Lakini ukiingiza orodha mbovu kwenye programu nzuri unapata ubovu uleule, safari hii kwa malipo ya kila mwezi. Kwa hiyo tulianza na orodha.

Jumapili, 9 Februari 2025: kuhesabu mzigo

Duka lilifungwa siku nzima. Mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika, na rafu iliyokwisha inawekewa alama ya chaki. Vitu vya bei kubwa (nondo, bati, rola za waya, rangi za lita 20) vilihesabiwa mara mbili na watu tofauti.

Kilichokwamisha kazi ni mzigo wa watu. Mteja amelipia mifuko 100 ya saruji, amechukua 40, 60 imebaki stoo mpaka fundi wake afikie hatua ya kumwaga zege. Kwenye daftari hiyo ni mifuko 100 iliyouzwa na biashara imeisha. Stoo bado kuna mifuko 60 ambayo si ya duka, na hakuna alama inayoitofautisha na mingine. Ukiihesabu kama mali ya duka, utaiuza tena, na mwenyewe atakuja na lori siku ambayo hamna mfuko hata mmoja.

Suluhisho lilikuwa karatasi moja ya jedwali iitwayo AMANA: jina la mteja, namba ya simu, bidhaa, idadi iliyolipiwa, idadi iliyotoka, iliyobaki. Stoo, mzigo wa amana umehamishiwa ukuta wa kushoto juu ya chaga za mbao. Karatasi hii ndiyo iliyotengenezwa kwanza, na kwa duka la vifaa vya ujenzi hatushauri kuanza na nyingine.

Jumamosi, 22 Februari 2025: orodha na vipimo

Karatasi ya BIDHAA ina safu hizi: A msimbo, B jina, C kipimo cha kununulia, D kipimo cha kuuzia, E uwiano kati ya vipimo hivyo viwili, F bei ya kununua, G bei ya kuuza, H kiwango cha kuagiza tena, I baki ya mwanzo kwa kipimo cha kuuzia, J baki ya sasa. Karatasi ya MANUNUZI na ya MAUZO zina tarehe, msimbo, jina, idadi na fedha. Baki ya sasa inajihesabu yenyewe: baki ya mwanzo, jumlisha manunuzi mara uwiano, toa mauzo (SUMIF hujumlisha mistari yenye msimbo huo tu):

=I2+SUMIF(MANUNUZI!B:B,A2,MANUNUZI!D:D)*E2-SUMIF(MAUZO!B:B,A2,MAUZO!D:D)

Jedwali likikataa fomula hiyo, angalia mpangilio wa nchi kwenye mipangilio ya faili. Nchi nyingine hutenganisha vipengele kwa nuktamkato badala ya mkato.

Safu ya E ndiyo roho ya kazi. Katoni ya misumari ya kilo 25 inanunuliwa moja na kuuzwa kwa kilo, kwa hiyo uwiano ni 25. Ndoo ya rangi ya lita 20 inayouzwa nzima ina uwiano wa 1. Nondo ndizo zilizosumbua, kwa sababu zinanunuliwa kwa tani na kuuzwa kwa kipande, na idadi ya vipande kwenye tani haifanani mzigo hadi mzigo. Uzito wa nondo kwa mita moja unapatikana kwa kuzidisha kipenyo kwa kipenyo na kugawa kwa 162. Ya mm 12 inakuwa kilo 0.89 kwa mita, kipande cha mita 12 kilo 10.67 hivi, na tani moja vipande 93 au 94. Vikifika 100, tani ni halali lakini nondo ni nyembamba kuliko mm 12, au ni fupi. Kwa nondo tuliachana na uwiano kabisa: mzigo ukishuka unahesabiwa kwa kipande, kisha bei ya ankara inagawanywa kwa vipande vilivyohesabiwa.

Kisha majina. Kitu kilekile, kiungio cha kona cha bomba, kiliandikwa Elbo 1/2, Elbow nusu na elbo ya 20. Mabomba ya plastiki ya PPR hupimwa kwa kipenyo cha nje, kwa hiyo anachokiita fundi nusu inchi kimeandikwa mm 20 kwenye bomba, robotatu ni mm 25, inchi moja ni mm 32. Kila kipande kimepewa msimbo mmoja (PPR-ELB-20), na jina analotamka fundi limewekwa pembeni ili muuzaji aweze kulitafuta.

Hapo jedwali likafanya vituko vyake. Ukiandika 1/2 kwenye seli, linadhani ni tarehe na kugeuza kuwa Februari mosi. 3/4 inakuwa siku ya Aprili. Rafu nzima ya viungio vya mabomba ilikuwa imejaa tarehe. Namba za simu nazo zilipoteza sifuri ya mwanzo. Dawa ni kuchagua safu nzima na kuipa umbo la maandishi matupu kabla ya kuandika chochote. Ukichelewa, kubadilisha umbo baadaye hakurudishi 1/2 yako, itabidi uandike upya.

Nafasi tupu mwishoni mwa msimbo ilifanya mauzo yasihesabike, kwani NND-12 yenye nafasi na isiyo na nafasi ni vitu viwili kwa fomula. Sasa msimbo hauandikwi kwa mkono. Unachaguliwa kwenye orodha inayoshuka.

Jumamosi, 15 Machi 2025: kuandika mauzo

Mpango wa kwanza ulikuwa fomu ya Google Forms: muuzaji anauza, anajaza, anatuma. Ulishindwa kwa sababu mbili. Fomu hizo hazifanyi kazi bila mtandao, na mtandao ukikatika foleni haisubiri. Pia saa mbili hadi saa nne asubuhi, mafundi wanapochukua vifaa kabla ya kwenda saiti, muuzaji ana mikono miwili tu na yote imeshika mzani.

Jaribio la pili lilikuwa kuandika moja kwa moja kwenye jedwali kupitia simu, faili likiwa limeruhusiwa kutumika bila mtandao. Hilo lilienda vizuri mpaka simu mbili zilipokuwa nje ya mtandao kwa wakati mmoja na zote zikajaza mstari uleule. Mtandao uliporudi, mauzo ya upande mmoja yalifutwa na ya upande wa pili.

Kinachofanya kazi ni hiki. Kaunta kuna kitabu cha nakala chenye karatasi ya kaboni, kurasa zake zimepigwa namba. Kila mauzo yanaandikwa hapo kwa msimbo. Saa saba mchana na saa kumi na moja jioni muuzaji mmoja anahamisha kurasa hizo kwenye MAUZO, akiandika na namba ya ukurasa. Ukurasa ukikosekana, pengo linaonekana hapohapo. Wapo watakaosema kwamba hiyo bado ni karatasi. Ndiyo, na itabaki. Kazi ya simu ni kukumbuka na kujumlisha, na kwenye kaunta yenye watu sita hakuna kinachoshinda kalamu.

Akaunti ya Google imefunguliwa kwa namba ya duka na kwa jina la duka, uthibitisho wa hatua mbili umewashwa. Usikubali ifunguliwe kwa barua pepe ya kijana anayejua kompyuta. Siku akiondoka, anaondoka na stoo yako. Kila Jumamosi faili linapakuliwa na kuhifadhiwa kwenye flashi.

Jumamosi, 5 Aprili 2025: malipo kwa simu

Wateja wengi walikuwa wakituma fedha kwenye laini binafsi ya mwenye duka. Matokeo yake hela ya saruji, ada ya mtoto na mchango wa harusi vilikaa kwenye salio moja. Lipa Namba ya biashara imechukuliwa, bango limebandikwa kaunta, na laini yake iko kwenye simu ya duka ambayo haitoki dukani. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Simu ikiwa mfukoni mwa mwenye duka aliyeko shamba, muuzaji analazimika kuamini meseji iliyo kwenye simu ya mteja, na hapo ndipo matapeli wanapopita.

Utaratibu uliobandikwa nyuma ya kaunta:

Mzigo hautoki mpaka meseji ifike kwenye simu ya duka. Meseji iwe imetoka kwa jina la mtandao wa simu, si kwa namba ya kawaida, na salio liwe limepanda kweli. Mteja akikatwa na meseji ikachelewa, namba ya kumbukumbu ya muamala inaandikwa kitabuni na mzigo unasubiri. Muuzaji anafungua menyu ya Lipa Namba na kuangalia miamala ya mwisho. Mtu akipiga simu kwamba ametuma kimakosa na anaomba arudishiwe, muuzaji harudishi chochote kwa mkono wake. Anamwelekeza apige huduma kwa wateja ya mtandao wake.

Kwenye MAUZO kuna safu ya njia ya malipo na safu ya makato. Mwanzoni kilichokuwa kinaandikwa ni kile kilichobaki baada ya makato, na jumla ya siku ikawa haifanani na ripoti ya Z (muhtasari wa mauzo ya siku) ya EFD, yaani mashine ya risiti za kodi. Andika bei kamili ya mauzo, kisha makato pembeni kama gharama. Tofauti nyingine ilitoka kwenye madeni: risiti ya EFD ilitolewa siku mzigo ulipotoka, jedwali likaandika mauzo siku deni lilipolipwa. Sasa mauzo ni siku mzigo unapotoka, na malipo ya deni yana karatasi yake. Jedwali hili halichukui nafasi ya mashine ya EFD wala risiti yake. Faida yake hapa ni kwamba vitu viwili vinavyotakiwa kufanana sasa vinaweza kulinganishwa kila jioni.

Jumamosi, 10 Mei 2025: madeni

Masika yamepunguza ujenzi, kwa hiyo huu ulikuwa wakati mzuri wa kuhamisha daftari la madeni. Safu ni chache: jina, simu, saiti, tarehe ya kuchukua, tarehe aliyoahidi, kiasi, alicholipa, baki. Safu ya umri wa deni ni =TODAY()-D2, na rangi zinabadilika zenyewe: njano baada ya siku 30, nyekundu baada ya 60.

Rangi hizo zimefanya kazi kuliko mkutano wowote. Daftarini fundi anayedaiwa sehemu saba tofauti alionekana kama madeni saba madogo, kila moja ukurasa wake. Yalipojumlishwa kwa namba ya simu (SUMIF kwa simu, si kwa jina, maana fundi mmoja ana majina ya utani matatu), watu wachache walibeba sehemu kubwa ya fedha yote iliyo nje. Ukomo wa mkopo sasa unawekwa kwa namba ya simu, na muuzaji anauona kabla hajapakia mzigo.

Ilipendekezwa majina ya wadaiwa sugu yatumwe kwenye kundi la WhatsApp la mafundi. Tumekataa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria fundi aliyeaibishwa huhamishia wateja wake wote duka jirani. Kinachotumwa ni ujumbe kwa mhusika peke yake, ukiwa na tarehe, bidhaa na baki. Mara nyingi tatizo lilikuwa fundi hakumbuki, au mwenye nyumba ndiye hajamlipa, na ujumbe wenye orodha ya vifaa unampa fundi kitu cha kumwonesha.

Mali kauli kutoka kwa wasambazaji imeingia kwenye jedwali hilohilo kwa upande wa pili, yaani sisi tunadaiwa. Ukiziweka karatasi hizo mbili pamoja unaona kama fedha itakayoingia wiki ijayo inatosha kumlipa msambazaji.

Jumamosi, 14 Juni 2025: WhatsApp, printa na mistari

WhatsApp Business imewekwa kwenye simu ya duka. Katalogi yake inabeba hadi bidhaa 500, lakini tumeweka chache ambazo bei yake hutulia: vitasa, mabomba, taa, rangi. Saruji na nondo hazina bei kwenye katalogi, kwa sababu mteja aliyeona bei ya wiki iliyopita anakuja nayo kama mkataba. Orodha ya matangazo inapokea watu 256, ila ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba ya duka kwenye simu yake. Tulipotuma tangazo la kwanza karibu hakuna aliyejibu, na sababu ilikuwa hiyo. Sasa mteja anapolipa anaombwa ahifadhi namba palepale.

Matumizi yaliyoleta mauzo hayakuwa matangazo kabisa. Fundi yuko saiti, kiungio kimevunjika, anapiga picha kikiwa kando ya futi ya kupimia na kuituma. Muuzaji anajibu kwa msimbo na bei, bodaboda anapeleka. Sisitiza futi iwemo kwenye picha. Bila futi, elbo ya mm 20 na ya mm 25 ni kitu kimoja.

Printa ndogo ya Bluetooth ya mm 58 ilinunuliwa kwa ajili ya kuchapa lebo za rafu. Ni hela iliyopotea. Karatasi yake huchapa kwa joto, na lebo za rafu zilizo karibu na mlango zilififia kwa jua mpaka zikawa nyeupe tupu. Masking tepu na maka peni vimechukua kazi hiyo kwa bei ya soda mbili tatu. Kusoma mistari ya msimbo (barcode) kwa kamera ya simu nako kumeachwa: makopo ya rangi yanayo, lakini nondo, misumari ya kupima na mabomba hayana, na stika ya kutengeneza haishiki juu ya vumbi la saruji. Kwa duka la vyakula tungeamua vingine.

Jumamosi, 12 Julai 2025: hesabu ya pili

Mzigo umehesabiwa tena na kulinganishwa na safu ya J. Rangi, bati na saruji vimetimia au vimepishana kidogo. Vilivyopungua ni viwili, waya na misumari.

Waya wa 2.5 ulipungua mita 43 kwenye rola tano zilizouzwa kwa mita. Kwa daftari upungufu kama huo usingeonekana, na ungeonekana, muuzaji wa zamu angeulizwa alipouza waya wa duka. Rola mpya ilifunguliwa na kupimwa yote sakafuni: mita 91 na kidogo. Lebo yenyewe inasema yadi 100, na yadi 100 ni mita 91.44. Kwenye safu ya E tulikuwa tumeandika 100. Rola moja inapungukiwa mita 8.56, rola tano karibu mita 43. Hakuna aliyeiba. Kibaya zaidi ni bei. Rola ya 180,000 ikigawanywa kwa 100, mita inagharimu 1,800, na ukiuza 2,000 unadhani unapata 200. Igawanye kwa 91.44, mita inagharimu 1,968 na faida ni shilingi 32. Uwiano umerekebishwa na bei ya mita imepanda. Baadhi ya rola ni za mita 100 kweli, kwa hiyo lebo isomwe kila mzigo unaposhuka.

Misumari ina sababu nyingine. Wateja wengi hawanunui kilo, wananunua ya buku (shilingi elfu moja) au ya mia tano. Kwa bei ya 3,500 kwa kilo, misumari ya buku ni gramu 286, na hakuna muuzaji anayepima gramu 286. Anachota, anatazama, anaongeza miwili mitatu. Nyongeza ya gramu 20 kwa kila kilo inafanya katoni ya kilo 25 itoe kilo 24.5 za mauzo, na kwenye vipimo vidogo mkono huwa mkarimu zaidi. Sasa jioni duka likitulia misumari inafungwa robo kilo kwenye bahasha za kaki (mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019) na kuuzwa 900. Mzani wa kidijitali wa kilo 30 umechukua nafasi ya ule wa mawe.

Hesabu imetoa pia orodha ya vitu ambavyo havijauzwa hata kimoja tangu Februari. Vigae vya rangi isiyotakiwa tena, vitasa vya aina moja, koki za kizamani. Vimekalia mtaji ambao ungenunua saruji. Vinauzwa kwa bei ya kununulia mpaka viishe, na msimbo wake umefungwa ili visiagizwe tena.

Gharama hadi leo kwa shilingi: simu janja 280,000, mzani 120,000, printa 95,000 (usiinunue), bahasha za kaki 20,000, vitabu vya nakala, tepu na maka peni 12,000. Jumla 527,000, ukiacha bando la 15,000 kwa mwezi. Siku ya kufunga duka kwa kuhesabu nayo ni gharama, ndiyo maana zote mbili zilikuwa mwishoni mwa wiki nje ya msimu wa pilika.

Yaliyobaki: bati zinazokatwa kwa urefu wa mteja bado zinaacha vipande visivyo na msimbo. Jaribio linalofuata ni kuvipa msimbo wa BT-KIP na kuvirekodi kwa futi, kuanzia mzigo wa Agosti.